Ugonjwa wa Watoto Kichwani mwa Mama Valarie

Mimi simpi mtu chumba kabla sijamhoji. Ploti yangu iko Waithaka, ukingoni mwa Nairobi, kipande kilichobaki cha shamba la babangu baada ya ndugu zangu kuuza vyao, na nimeona wapangaji wa kila aina. Lakini Phoebe Nasimiyu, tunayemwita Mama Valarie kwa jina la bintiye, alinihoji yeye kwanza. Alisimama langoni na mkoba wa vyuma begani, akaniuliza ni nani mwingine mwenye ufunguo wa chumba kile, aliyekaa mle alihama kwa nini, na mbona mlango umepakwa rangi mpya upande mmoja tu. Nikamwuliza, "Mama, unatafuta nyumba ama unafanya uchunguzi wa polisi?"

"Yote mawili," akasema.

Nikampa chumba. Mtu anayeogopa kuibiwa kiasi hicho, nilijiambia, hana nafasi ya kuibia wengine.

Kazi yake ilikuwa kufuli na funguo. Mumewe, marehemu Were, aliacha kibanda River Road, kwenye kichochoro kati ya duka la rangi na wachapishaji wa kadi za harusi. Alipofariki, watu walitarajia mjane afunge virago arudi Bungoma. Hakurudi. Miaka yote aliyomletea mumewe chakula pale kibandani alikuwa akimwangalia mikono, na kazi aliijua kabla ya mtu yeyote kujua kwamba anaijua. Wanaume walikuja wakimwuliza fundi yuko wapi. "Ndiye huyu unamsumbua," aliwajibu bila kuinua kichwa.

Alikuwa na sheria moja iliyowaudhi wateja. Hakuchonga ufunguo kutoka kwa nakala. Alitaka ufunguo wa kwanza kabisa, ule uliotoka dukani pamoja na kufuli, au aletewe kufuli lenyewe. Kila ukinakili nakala, alisema, chuma kinapotea kidogo, na mwishowe unabaki na kitu kinachofanana na ufunguo lakini hakifungui chochote. Halafu alimwuliza mteja nyumba ni ya nani. Wenye haraka walimkimbia, lakini wenye mali walimtafuta, na ndiyo sababu mama wa Waithaka aliitwa mpaka majumba ya Spring Valley kufungua milango iliyowakataa wenyewe.

Basi, kwa sababu nilimjua kama mtu wa kushuku, sikushtuka mapema shaka yake ilipozidi.

Ilianza na kufuatwa. Jioni moja alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti kilichogusa ukuta, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Mbuthia, kuna mtu ananifuata." Mbuthia ni kifungua mimba wangu, na ndivyo ninavyoitwa na wote pale.

"Nani?"

"Sijui. Anatokea tu. Natembea, pembeni hakuna mtu, mara mtu huyu hapa! Leo mwanaume, jana mama na mzigo. Wanabadilishana."

Nilimwambia kwamba River Road watu hutokea hivyo, hakuna anayepiga hodi kwanza. Hakucheka. Kesho yake aligeuza meza yake kibandani akae mgongo ukutani, na akaanza tabia ya kuzungusha kichwa kizima huku na huku anapotembea, kama mtu anayetafuta mtoto aliyepotea sokoni. Wapangaji wakaanza kumwepuka.

Maxwell alikuwa anakaa chumba cha pili kutoka kwake, kijana mpole anayetengeneza simu. Siku moja alikuwa kwenye kamba akianika fulana zake. Mama Valarie akageuka, akamwona hatua moja tu kutoka begani kwake, akapiga ukemi na kumtwanga kwa ndoo. Maxwell aliapa kwamba alikuwa amesimama pale muda wote, na kwamba alikuwa hata amemsalimia. Tangu siku hiyo akaeneza habari kwamba yule mama anakunywa. Ushahidi alikuwa nao: anagonga nguzo ya lango kila akiingia, anamwaga maziwa, analalamika kichwa asubuhi, na maji anakunywa jagi zima kwa mkupuo.

Hilo la pombe nilikataa. Mimi niliolewa na mnywaji, na pua yangu haidanganywi. Mama Valarie alinuka mafuta ya mashine na sabuni ya kipande, basi. Lakini nilibaki nikiwaza. Kama hakunywa, basi alikuwa na nini? Na huyo Maxwell, mbona alikuwa na haraka sana ya kumsema? Nilianza kumchungulia Maxwell dirishani anapotoka na anaporudi. Shaka ni kitu cha kuambukizana, ikiingia kwenye ploti haibagui hata mwenye ploti.

Kisha akabadilisha kufuli la lango kubwa. Hakuniambia. Asubuhi wapangaji wote walikuwa wamesimama ndani ya lango na sare zao na mikoba yao, kila mmoja anachokonoa na ufunguo usioingia, huku mtoto mmoja analia kwamba basi la shule linamwacha. Nilitoka na leso, kichwa wazi.

"Ni nani amefanya hivi?"

"Ni mimi," akasema, ametulia. "Kuna mtu alikuwa na ufunguo wa lango."

"Kuna watu wote, Mama Valarie! Wanaishi hapa!"

Alifungua, akanipa ufunguo, na siku ile nzima nilimtungia notisi ya kuhama kichwani. Ningempa, nasema kweli, kama si simu iliyopigwa kabla ya wiki kuisha.

Ilikuwa sauti ya mwanaume, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Aliitwa Mwau, alikuwa Spring Valley, na alitaka kujua kama ninamfahamu mwanamke anayejiita Phoebe Nasimiyu, aliyempa namba yangu. Alikuwa amemwita afungue stoo ambayo ufunguo wake ulipotea. Badala ya kuangalia kufuli, alisema, mwanamke huyo alipita nyumbani kwake akizungusha kichwa, anaangalia madirisha, milango, kona zote, kama anayepiga hesabu ya kurudi usiku. Soja, mlinzi wake, alikuwa amemweka kwenye kibanda cha lango, na polisi wangeitwa ikiwa hakuna mtu wa kumdhamini.

Nilienda na hasira mbili. Moja ilikuwa ya Mwau, kwa kumwita mpangaji wangu mwizi. Nyingine ilikuwa ya mpangaji wangu, kwa kunitoa jikoni kwangu kwenda kuonekana na matajiri nikiwa na viatu vya mvua.

Kibanda cha soja kilikuwa na mlango ubavuni. Mama Valarie alikuwa kwenye stuli, mikono mapajani, anatazama mbele. Niliingia nikasimama kando yake, karibu sana, ningeweza kumvuta sikio. Hakugeuka. Nikadhani amenuna. Kisha sijui ni nini kilichonituma, nikainua mkono kando ya uso wake, nikachezesha vidole. Hakupepesa. Soja alinitazama mimi, akamtazama yeye, akaacha kutafuna.

Nilipiga hatua moja mbele. Akaruka nusura aanguke. "Umetoka wapi?"

"Nimekuwa hapa."

"Hukuwa hapa!"

"Mama Valarie, nimekuwa hapa."

Nikamwelewa Maxwell na ndoo, nikaelewa nguzo ya lango, nikaelewa wale watu wote wa River Road waliokuwa wakibadilishana kumfuata. Mwau alipofika nilimwambia, "Huyu mama haibi. Huyu mama haoni." Naye Mwau, nampa haki yake, aliondoa uso ule aliokuja nao, akatuitia gari mpaka kwenye kliniki ya macho.

Wa macho walimpima pembeni kwa mashine ya vitone vya mwanga, wakasema tatizo haliko kwenye macho. Akapigwa picha ya kichwa. Kutoka hapo tukatumwa kwa daktari wa ubongo kwenye hospitali moja kubwa, mwanamke mwenye umri wa kuwa binti yetu, mwenye sauti ya upole ambayo Mama Valarie aliishuku papo hapo.

"Mama, una uvimbe," alisema daktari. "Si saratani. Hautembei kwenda sehemu zingine za mwili. Shida ni mahali umekaa. Uko chini ya ubongo, hapa nyuma ya macho, na unakanyaga mishipa ya macho pale inapopishana. Ndiyo sababu pembeni huoni, kichwa kinauma, na maji hayakutoshi. Tusipoutoa, utaendelea kula macho. Na macho yakienda kabisa, siwezi kukuahidi yatarudi."

"Huo uvimbe nimeutoa wapi?"

"Hakuna mahali umeutoa. Unaanza kwa chembe ambazo zilibaki hapo tangu ukiwa tumboni mwa mamako. Na ni nadra. Ukichukua watu milioni moja, mwaka mzima utapata mmoja mwenye huo uvimbe, wakizidi ni wawili."

"Watu milioni moja, na ni mimi," akasema Mama Valarie. "Mimi ambaye bahati nasibu ya kanisa sijashinda hata sufuria."

Daktari alitabasamu, na hapo akakosea. Alisema kwamba uvimbe huo hasa unajulikana kama wa watoto. Wengi anaowaona wana miaka kati ya mitano na kumi na minne.

Mama Valarie aliniangalia. Kisha akamgeukia daktari. "Nina miaka hamsini na saba. Nina wajukuu. Unaniambia nina ugonjwa wa mtoto?"

"Uvimbe huu una makundi mawili, mama. Watoto, halafu watu wa rika lako, kuanzia hamsini mpaka sabini na kitu. Hapo katikati ndipo hauonekani sana. Wa miaka ishirini na mitano akija nao, huyo ndiye wa kunishangaza zaidi yako."

"Kwa hivyo unapumzika miaka thelathini halafu unarudi."

"Si kwa mtu yule yule. Ni watu tofauti. Kwa nini iko hivyo, hatujui vizuri bado."

Hilo la kutojua ndilo lililoharibu kila kitu. Tulipotoka hadi kwenye baraza alinishika mkono na kuninong'onezea. "Umeona hiyo benchi? Watoto watupu. Picha ya mtoto mmoja imeingia kwa bahasha yangu."

"Jina lako limeandikwa juu."

"Jina limeandikwa na kijana ambaye hakuniangalia hata usoni. Na hiyo waliyomletea daktari ni nakala, Mama Mbuthia. Nakala! Mimi nachonga kwa nakala?"

"Na macho?"

"Macho ni miwani tu. Na nikuulize, kama si saratani, wanataka kufungua kichwa cha nini? Kufuli zima halivunjwi kwa nyundo."

Hata mimi lile swali lilinikaa. Hospitali ya watu wengi vile, nani ajuaye kilichochanganywa na kingine?

Akapigwa picha nyingine mahali pengine kabisa, upande wa pili wa mji. Wakasema yale yale, ukubwa ule ule, mahali pale pale. "Wamepigiana simu," akasema, akarudi kazini.

Daktari alituma ujumbe akimwomba arudi. Hakujibu. Binti yake Valarie alipiga simu kutoka Bungoma akilia. Mamake akamwambia azime simu, wanasikilizwa. Na muda wote huo jicho la kulia lilikuwa linafifia, nilijua kwa sababu alianza kumimina chai akiwa ameelekeza uso kushoto. Siku moja nilimpitia River Road nikamkuta mteja anamfokea. Ufunguo aliochonga, kutoka kwa ufunguo wa kwanza kabisa, haukuingia hata nusu. Tangu Were afe hakuwahi kurudishiwa ufunguo. Aliushika mkononi, akaupapasa meno kwa kidole gumba, moja baada ya jingine. Niliogopa siku ile. Nilimkasirikia pia, nikataka kumtikisa mabega mbele ya watu wa duka la rangi na watu wa kadi za harusi.

"Kesho tunarudi kwa yule daktari," nikasema.

"Nitarudi," akasema. "Nataka anionyeshe huyo mtoto mwenye picha yangu."

Kesho yake tulikaa kwenye benchi ileile ya baraza. Mwanaume mmoja alikuja na msichana. Kwa kimo ungempa miaka sita, lakini uso wake ulikuwa wa mtoto mkubwa zaidi. Walipopita mlangoni msichana aligonga ukingo kwa bega, puu, akaendelea kutembea bila kushangaa, kama mtu aliyezoea. Kisha akazungusha kichwa kizima kulia, kizima kushoto, akatafuta mahali pa kukaa.

Mama Valarie alinivuta mkono. Akainamia sikio langu. "Nani amemfundisha huyo mtoto?"

"Amfundishe nini?"

"Kunifanya mimi. Wamemleta makusudi."

Nilichoka naye. Lakini yeye alikuwa amekwisha kusimama. Alimsalimia baba mtu, ambaye alijitambulisha kama Jamleck, mkulima wa viazi kutoka Kinangop, akasema huyu ni Ciru, ana miaka tisa. Mama Valarie hakuuliza ugonjwa. Alitoa mkoba, akachukua shada la funguo, akalifumbata ili lisilie.

"Ciru, niangalie pua. Usiangalie kitu kingine. Ukiona hizi funguo zinatokea pembeni, sema sasa."

Akapeleka mkono mbali, kando kabisa ya sikio la mtoto, akauleta pole pole. Alikuwa akitafuta udanganyifu, nilimjua. Alikuwa akingoja jicho la mtoto liibe. Halikuiba. Mkono ulipita sikio, ukapita kwenye shavu, na mtoto bado anatazama pua ya mama mgeni kwa utiifu wa darasani. Funguo zilikuwa karibu kumgusa uso aliposema, "Sasa." Upande wa pili ikawa vivyo hivyo. Baba yake alitazama sakafu.

"Na wewe, shosho?" akasema Ciru, kama anayesema na nyanyake. "Leta."

Akachukua funguo kwa mikono miwili, akamkalisha Mama Valarie kwenye benchi, akampa pua yake mwenyewe ya kuangalia. Mimi nilikuwa nimesimama mahali pa kuona vizuri. Mkono mdogo ulikuja kutoka kulia. Ukafika kwenye sikio. Ukafika kwenye shavu. Nilitaka kupiga kelele, mwambie, uko hapo! Mama Valarie alitazama pua ya mtoto, amekaza shingo, uso wa mtu anayesubiri kitu ambacho bado hakijaja.

"Sasa," akasema.

"Aii, shosho," Ciru akamwambia kwa huruma. "Imekuwa hapo kitambo." Kisha akasogea karibu na kushusha sauti, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la wao wawili. "Na wewe watu hukutokea ghafla?"

"Hunitokea."

"Mimi nilidhani ni shetani."

"Mimi nilidhani wananifuata," akasema Mama Valarie. Machozi yakamtoka, na kwa kuwa nilikuwa nimemjua miaka mingi bila kuyaona, yakanitoka na mimi.

Hapo ndipo Jamleck alipozungumza. Alikuwa mtu wa maneno machache, na aliyatoa kwa shida. "Mama, mimi nimekataa operesheni. Nimekuja kuwaambia nampeleka mtoto nyumbani. Wanasema si saratani, halafu wanataka kufungua kichwa ya mtoto. Ingekuwa ni wewe, hawa watu ungewaamini?"

Mama Valarie alijipangusa uso kwa kiganja.

"Siwaamini," akasema. "Nimewapeleleza kila njia, na bado siwaamini. Lakini haya macho yangu nimeyaamini mwaka mzima, na hakuna mtu River Road amewahi kunidanganya kama yalivyonidanganya." Akamtazama Ciru, akigeuza uso kushoto ili amwone mzima. "Usimpeleke nyumbani. Mimi nitaingia kwanza. Wewe kaa hapa Nairobi uangalie vile nitatoka. Nikitoka vibaya, mchukue mtoto wako ukimbie."

Jamleck hakusema ndiyo. Alikaa kwa binamu yake Kawangware, na siku ya operesheni alikuja akasimama nami barazani, kofia mkononi, binti yake amelala kwenye benchi. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa akimshuku daktari kwa njia yake. Daktari alipotoka kutuambia imeisha vizuri, Jamleck alimwuliza mara mbili, na mimi mara ya tatu.

Walituruhusu kumwona alipotolewa chumba cha wagonjwa mahututi. Alikuwa amefungwa kichwa, uso umevimba, mdomo umekauka, amelazwa chali anatazama dari. Jicho la kulia daktari alikuwa ametuambia tusilitegemee sana, lilikuwa limechelewa. Nilimshika mguu kupitia blanketi. Jamleck alisimama miguuni pa kitanda kama mtu aliyekuja kukagua ng'ombe wa kununua. Ciru alizunguka peke yake upande wa kushoto, akasimama kando ya mto, kimya, anamchunguza shosho wake.

Hakuna aliyemwambia Mama Valarie kwamba mtoto yuko pale. Hakugeuza kichwa, kwa sababu hakuweza kukigeuza. Macho yake yalikuwa bado kwenye dari aliposema, kwa sauti ya kukwaruza, "Ciru, toa kidole mdomoni. Hapa ni hospitali, kuna uchafu."

Mtoto alitoa kidole. Jamleck alimtazama binti yake, akamtazama mama yule kitandani, akapima kwa macho nafasi iliyokuwa kati yao. Alivaa kofia yake, akatoka kwenda kumtafuta daktari.